Tuulize karati kabla ya rangi ya pete



 Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo dogo kwa umbo lakini kubwa kwa uzito: pete ya dhahabu, na hasa rangi yake.

Kila zinapokaribia siku za harusi, swali tunalolisikia kutoka kwa mabinti zetu hapa Arua na kule Koboko ni moja: pete iwe ya rangi gani? Kwa mama zetu swali hili halikuwa na maana, kwani dhahabu ilikuwa ya njano, basi. Leo iko ya njano, iko nyeupe inayong'aa kama fedha, na iko ile yenye wekundu wa waridi. Hii ya waridi ilikuwa imeshaanza kupendwa duniani wakati kampuni ya Apple ilipotoa simu ya rangi hiyo mwaka 2015, na baada ya hapo ikaenea kwenye saa, mikoba na makasha ya simu, mpaka ikafika kwenye vidole vya maharusi wetu.

Hatuandiki kuwakataza mabinti zetu. Dhahabu ni halali kwa mwanamke, ya rangi yoyote ile, na kupenda kitu kizuri si dhambi. Tunachosema ni kwamba familia zetu zimeanza kuipima dhahabu kwa macho badala ya kuipima kwa mizani, na jambo hili linatutoa mali bila sisi kujua.

Kisa cha pete ya bibi

Tuanze nyumbani kwetu wenyewe, ili mtu asidhani tunamsema jirani.

Mwaka 1980, mapigano yalipozuka Koboko na Arua, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire ya wakati ule na Sudan. Bibi yetu mzaa mama alikuwa miongoni mwao. Alivuka mpaka akiwa na watoto, sufuria moja, na dhahabu yake aliyoifunga kwenye pindo la nguo: bangili mbili na pete. Bangili ziliuzwa ugenini, moja kwa chakula, nyingine kwa dawa. Pete ilirudi nayo nyumbani, akampa mama yetu, na mama akampa binti yetu alipoposwa.

Binti aliiona imepitwa na wakati. Ilikuwa ya njano iliyokolea, nene, bila nakshi. Akaenda nayo dukani mjini, akarudi na pete nyembamba ya rangi ya waridi, nzuri kweli kweli, na juu yake akawa ameongeza pesa taslimu. Sote tukampongeza. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza neno.

Miaka michache baadaye alihitaji ada ya chuo, akataka kuiuza. Sonara mwingine akaipima mbele yetu: gramu 4, na kwa ndani imepigwa chapa ya 375, maana yake karati 9. Ile ya bibi tulikuwa tukijua tangu zamani ni gramu 8 za karati 22. Tukakaa na kalamu. Gramu 8 za karati 22 zina dhahabu tupu ya gramu 7.3 hivi. Gramu 4 za karati 9 zina gramu moja na nusu tu. Yaani pete iliyovuka vita ikarudi salama ilipotea siku moja ya amani, tena tukiwa tumeongeza pesa.

Je, mwenye duka alitudanganya? Chapa ilikuwepo, na rangi ilikuwa ile ile aliyoitaka binti. Ndugu wasomaji, sisi ndio hatukuuliza.

Rangi inatoka wapi?

Dhahabu tupu, yaani ya karati 24, ina rangi moja tu, ya njano. Nayo ni laini sana, pete yake hupinda na kukwaruzika upesi, ndiyo maana masonara huichanganya na madini mengine ili iwe ngumu. Mchanganyiko huo ndio unaozaa rangi. Ikichanganywa na fedha na shaba kwa kiasi cha kukaribiana hubaki ya njano. Ikizidishwa shaba nyekundu huwa ya waridi. Ikichanganywa na nikeli au paladiamu hupauka, ndipo huitwa dhahabu nyeupe.

Na hata hiyo nyeupe, weupe wake wa kumeremeta mara nyingi unatokana na madini mengine yaitwayo rodiamu, ambayo pete huchovywa kwa juu. Ikivaliwa, utando huo hulika kidogo kidogo, na rangi ya chini yenye umanjano huanza kuonekana. Hapo dada zetu hudhani wameuziwa bandia, kumbe ndivyo ilivyo, na inabidi kuichovya tena kwa gharama nyingine. Tena wapo ambao nikeli huwawasha ngozi. Mambo haya ni vizuri kuyajua kabla ya kununua.

Karati ndiyo inayoeleza kiasi cha dhahabu iliyomo. Tuzikumbuke chapa zake: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Namba hizi huonyesha sehemu za dhahabu katika kila sehemu 1,000. Karati 22 hupendwa sana na Wahindi, karati 21 na nchi nyingi za Kiarabu, na pete za rangi za mtindo wa Ulaya huwa karati 18 kushuka chini. Kwa hiyo pete mbili za waridi zilizo kwenye kioo kimoja cha duka, moja inaweza kuwa na dhahabu mara mbili ya mwenzake, na jicho lisitambue tofauti.

Sisi watu wa mpakani

Ajabu ni kwamba sisi tunaishi mlangoni mwa dhahabu. Ng'ambo ya mpaka wetu, kaskazini-mashariki ya Congo, machimbo ya Kilo na Moto yamekuwa yakichimbwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mgodi mkubwa wa Kibali ulianza kutoa dhahabu mwaka 2013. Mwaka 1966 Bunge la Uganda lilitikiswa na tuhuma za dhahabu na pembe za ndovu kutoka Congo. Koboko ni mahali pa watu wa nchi tatu, Uganda, Congo na Sudan Kusini, na hakuna mfanyabiashara wa huko asiyejua kuhesabu pesa za nchi zaidi ya moja kichwani. Lakini watu hawa hawa, wanaoweza kubishania bei ya gunia la maharage nusu saa nzima, wakiingia dukani kununua pete ya binti yao huona haya kuuliza karati!

Wako wanaosema kuuliza karati na gramu kwenye mambo ya posa ni tamaa, eti mapenzi hayapimwi kwa mizani. Tunawajibu kwa heshima: Uislamu haukutaka mahari iwe kubwa. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimwambia Swahaba aliyetaka kuoa akatafute japo pete ya chuma, na alipokosa hata hiyo aliozeshwa kwa kile alichokihifadhi katika Qur'ani. Kwa hiyo kijana asiye na uwezo asione aibu kuleta pete ya fedha, na ijulikane kuwa ni fedha. Lakini mahari ni haki ya mke na ni deni kwa mume. Ukiahidi dhahabu, basi ijulikane ni dhahabu kiasi gani. Tamaa ni kudai usichostahiki, na kuijua haki yako si tamaa.

Kubadilisha ya zamani kwa mpya

Katika kisa cha binti yetu kulikuwa na kosa la pili, zito kuliko la kwanza, nasi tulilijua baadaye tulipomuuliza sheikh. Dhahabu kwa dhahabu haibadilishwi ila kwa uzito ulio sawa, na mkono kwa mkono. Kutoa pete ya zamani na kuongeza pesa ili upewe mpya, au kutoa gramu nyingi ukapewa chache, kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi huingia katika riba, hata kama pande zote zimeridhika.

Njia ya halali imeelezwa katika hadithi ya tende za Khaybar. Mtume (S.A.W.) alipoletewa tende nzuri akaambiwa zimepatikana kwa kutoa vipimo vingi vya tende duni, alikataza, akaelekeza ziuzwe kwanza zile duni kwa dirhamu, kisha kwa dirhamu hizo zinunuliwe zile nzuri. Basi na pete ni hivyo hivyo: iuze ya zamani, pokea pesa zako mkononi, kisha nunua mpya popote upendapo. Tazameni hekima yake. Lau binti yetu angeuza kwanza, pete ya bibi ingepanda mizani, bei yake ingetajwa, naye angejua anachokitoa kabla ya kuvutiwa na anachokipokea.

Na pete yenye vito? Amesimulia Swahaba Fadhala bin Ubayd, katika hadithi iliyopokewa na Muslim, kwamba siku ya Khaybar alinunua kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari 12, na alipozitenganisha akakuta dhahabu peke yake inazidi dinari 12. Mtume (S.A.W.) akaamrisha kisiuzwe mpaka vitenganishwe. Nasi tujifunze hapo kuuliza: jiwe lina uzito gani, na dhahabu ina uzito gani? Tusilipie kioo kwa bei ya dhahabu.

Kwa vijana wa kiume

Mtindo wa rangi umeleta utata mwingine. Tumeona maharusi wa kiume wakivaa pete ya dhahabu nyeupe, wakiulizwa husema, "Hii si ya njano, haina neno." Ndugu zetu, kilichoharamishwa kwa wanaume ni dhahabu yenyewe, wala si umanjano wake. Karati 18 nyeupe ni robo tatu dhahabu. Utata unazidi kwa sababu wako wanaoiita platinamu "dhahabu nyeupe", na platinamu ni madini mengine kabisa ambayo si dhahabu. Basi kijana aulize: hii imeandikwa nini kwa ndani? Na akitaka usalama wa dini na wa mfuko, pete ya fedha yatosha. Hata pete ya Mtume (S.A.W.) aliyokuwa akipigia muhuri barua zake ilikuwa ya fedha.

Na zaka je?

Hapa pia rangi haina hukumu. Nisabu ya dhahabu ni gramu 85 za dhahabu tupu, na zaka yake ni asilimia 2.5. Mama mwenye gramu 100 za karati 22 ana dhahabu tupu gramu 91 na zaidi, amefikia nisabu. Mwenye gramu 100 za karati 18 ana 75, hajafikia kwa dhahabu hiyo peke yake. Kuhusu mapambo yanayovaliwa wanavyuoni wametofautiana: Hanafi wanaona yana zaka, na walio wengi, wakiwemo Shafi, wanaona hayana. Kila mtu amuulize sheikh wake, lakini aende akiwa anazijua karati na gramu zake.

Ombi letu

Mwezi wa Oktoba 2025 bei ya wakia moja ya dhahabu ilivuka dola 4,000, yaani zaidi ya dola 125 kwa gramu. Kwa bei hiyo, zile gramu zilizopotea katika pete ya bibi yetu zinapita dola 700. Hesabuni wenyewe ni mihula mingapi ya mtoto shuleni.

Kwa hiyo tunawaomba. Kwanza, kabla ya kuuliza rangi, ulizeni karati ngapi na gramu ngapi, na pete ipimwe mbele yenu. Pili, risiti iandikwe yote mawili, na katika makubaliano ya mahari yaandikwe hivyo hivyo mbele ya mashahidi. Tatu, dhahabu ya wazee isitoke nyumbani kabla mama mmoja mwenye uzoefu hajaenda na binti sonara.

Baada ya hapo, binti achague rangi aipendayo, na sisi tutampongeza kwa moyo mweupe. Binti yetu bado anaivaa ile ya waridi, hakuiuza. Anasema ataiweka amwonyeshe mwanawe wa kike, Inshaallah, na pamoja nayo atamsimulia habari za pete ambayo hataiona.

Tunamwomba Allah atubarikie katika mali zetu na atuepushe na riba, iliyo wazi na iliyojificha. Amin.

Wabillahi tawfiq.