Tumbo, Miguu na Zamu ya Usiku



Mfanya kazi akienda kwa daktari siku hizi na presha au sukari, huambiwa maneno matatu: fanya mazoezi, punguza sukari, usiwe na mawazo mengi. Maneno hayo ni ya kweli, na sisi hatuna ugomvi na daktari. Lakini daktari hakuiona ratiba ya zamu. Mtu aliyeketi ndani ya kichwa cha treni saa tisa ya usiku atafanya mazoezi yake wapi? Naye atakula nini, ila mandazi na chai iliyo ndani ya thamosi?

Jambo hili si geni kwa watu wa uchukuzi. Katika mwaka wa 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alitangaza habari za wafanya kazi wa mabasi ya London, yale mabasi ya ghorofa. Dereva na kondakta walikuwa wa basi moja, na hali zao za maisha zilikaribiana sana. Lakini dereva aliketi mchana kutwa, na kondakta alipanda ngazi kati ya 500 na 750 katika zamu moja. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliopatwa hawakufa upesi kama wenzao. Baadaye Morris alipima hata suruali za kazi, akaona kwamba za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Basi huenda wengine walikuwa wanene tangu siku ya kuandikwa, wala si kiti peke yake kilichowaharibu. Ni haki kulisema hilo pia.

Mwaka wa 1962 ikaja habari ya reli yenyewe, kutoka Marekani. Katika kila watu 1,000 kwa mwaka, makarani waliokufa kwa ugonjwa wa moyo walikuwa 5.7, watu wa kubadilisha njia yadini 3.9, na watu wa magenge ya njia 2.8. (Msicheke hizo nukta za mtu, ndivyo wataalamu wanavyohesabu.)

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Ugali, mkate na mandazi hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Insulini ndiyo inayoifungulia sukari njia ya kuingia katika misuli. Misuli inayofanya kazi huivuta sukari hata kama insulini ni kidogo, bali misuli iliyolala huiacha damuni. Sasa mtazame stesheni masta ambaye treni zake zimechelewa, simu inalia, na abiria wanamfokea. Mwili wake humwaga adrenalini na kotisoli, na ini hutoa sukari zaidi, kana kwamba anataka kukimbia au kupigana. Lakini hakimbii wala hapigani, ameketi. Sukari inabaki damuni na presha imepanda. Dada zetu wa kukata tiketi wanajua habari hiyo vizuri. Mtu akipata nafasi ya kutembea dakika 10 au 15 baada ya kula, sukari haipandi sana. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka wa 2020 kwamba mtu mzima atembee kwa haraka, au afanye mfano wa hayo, dakika 150 mpaka 300 kwa juma.

Zamu ya usiku huzidisha taabu. Mwili una saa yake, na chakula kile kile kikiliwa usiku huipandisha sukari kuliko kikiliwa asubuhi. Asiyelala vya kutosha husumbuliwa na njaa, na insulini yake hupungua nguvu. Tena jicho lake na mkono wake huchelewa, na hapo hatusemi habari za afya ya mtu mmoja tu.

Wako wanaosema sukari ndiyo nguvu ya kukesha. Ni nguvu ya muda mfupi. Vikombe vinne vya chai, vijiko vitatu kila kikombe, vinakaribia gramu 50, nacho ndicho kipimo cha siku nzima ambacho mtu mzima wa kawaida hafai kukipita. Soda ya mililita 300 peke yake ina gramu kama 30. Afadhali ule chakula kamili kabla ya kwenda kazini, nawe uchukue kidogo cha usiku: githeri, yai, njugu, kiazi kitamu, na maji.

Ndugu zetu wa magenge wasidhani kwamba wao wamesalimika. Uchunguzi wa Denmark uliotolewa mwaka wa 2021, wa watu zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba mazoezi ya wakati wa mapumziko huenda pamoja na moyo mzima, lakini kazi nzito ya ajira huenda pamoja na ugonjwa wa moyo. Anayekimbia jioni hupumzika akichoka. Anayeinua reli juani hapumziki mpaka msimamizi aseme.

Hapo ndipo chama kinapoingia. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 27, humpa mfanya kazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Kifungu cha 33 chasema kwamba mwajiri aliyekubali waziwazi katika mkataba kumpa mtu chakula, lazima amlishe vizuri na kumpa vyombo vya kupikia, kwa gharama yake. Litazameni neno hilo, aliyekubali. Asiyekubali hadaiwi. Posho ya wazee wetu ilikuwa mgao wa chakula, sehemu ya ujira. Sisi tumebaki na neno, chakula kimetutoka.

Kwa hiyo tunataka yaandikwe katika mkataba: jiko, friji na maji safi katika kila nyumba ya kupumzikia madereva na magadi, saa ya kula iwe saa ya kula kweli, zamu za usiku zisifuatane nyingi mno, magenge yapate maji, kivuli na vipindi vya kupumzika. Wakubwa watasema fedha hakuna. Tutawauliza bei ya treni moja iliyopita ishara kwa sababu dereva alisinzia.

Hatuwezi kwenda mezani mikono mitupu. Kila mwanachama aandike kwa majuma mawili saa aliyoanza kazi, saa aliyomaliza, alikula nini na wapi, na alilala saa ngapi. Mwenye hofu asiandike jina, aandike kazi yake tu. Karatasi apewe katibu wa tawi mkononi. Kalamu ya risasi inatosha.

Mhariri