Si Kila Lisemwalo Lipo

Wazee wetu walisema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hii ni nzuri, lakini mimi naona ya kuwa wengi huitumia vibaya, hasa mtu anapopotea mlimani. Akitafutwa asionekane, husemwa ati ameuawa, na kabla jua halijatua muuaji naye amekwisha patikana katika vinywa vya watu.

Muhula huu Mwalimu wa Jiografia alitusimulia habari za vijana wa Urusi, na tangu siku ile bwenini hakuna mazungumzo mengine baada ya prepo. Mwezi wa Januari 1959 watu kumi, wengi wao wanafunzi na wahitimu wa chuo kimoja cha mji wa Sverdlovsk, walikwenda kutembea katika milima ya Ural. Kiongozi wao alikuwa Igor Dyatlov, kijana wa miaka 23. Mmoja aliugua akarudi. Tisa waliosalia, wanaume saba na wanawake wawili, hawakurudi.

Tarehe 26 Februari hema lao lilionekana mteremkoni, limechanwa kutoka ndani. Nyayo zilielekea msituni, nyingine za watu wasiovaa viatu, katika baridi ile! Maiti za kwanza zilikutwa chini ya mti, kiasi cha kilomita moja na nusu kutoka hemani. Nne za mwisho zilipatikana mwezi wa Mei, zimefunikwa na theluji. Sita waliuawa na baridi. Watatu walikuwa wameumia vibaya, wawili mbavu na mmoja fuvu.

Je, nani walishukiwa kwanza? Ni Wamansi, wenyeji wa nchi ile, watu wa kuwinda na kufuga. Baadhi yao walihojiwa, lakini hazikuonekana nyayo za mgeni yeyote, na shaka ile ikaanguka. Baadaye wengine walisema ni wanajeshi, wengine silaha za siri, hata mazimwi. Serikali nayo iliuchochea moto, kwani Mei 1959 ilifunga uchunguzi kwa kusema tu kwamba ni nguvu ya asili iliyowashinda, bila kueleza ni nguvu gani. Penye kimya, uvumi huota.

Mwaka 2020 waendesha mashtaka wa Urusi walitamka kuwa ni poromoko la theluji. Mwaka 2021 wataalamu wawili walioko Uswisi, Johan Gaume na Alexander Puzrin, walionyesha kwa hesabu jinsi lilivyoweza kutokea. Vijana walichimba theluji ya mteremko wapate kusimamisha hema. Upepo ukarundika nyingine juu yao. Baada ya saa kadhaa bamba zima likakatika. Wataalamu hao hawakudai kwamba wamelieleza kila jambo. Huo ndio uungwana wa elimu.

Wenzangu huniuliza, "Basi wasema wabaya hawapo?" La, wapo, na polisi hawana budi kuchunguza. Lakini kuchunguza ni kazi moja, na kuhukumu ni nyingine.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Urusi peke yake. Mwaka jana mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili alikosekana jioni tulipotoka matembezi ya kilimani. Haikupita saa moja, ikasemwa kuwa wachoma makaa wamemteka. Kesho yake alionekana bondeni, amepotezwa na ukungu, mzima ila njaa. Lakini usiku ule magunia ya makaa ya wazee wawili yalikwisha pinduliwa na kumwagwa njiani, na mpaka leo sijasikia mtu aliyekwenda kuwaomba radhi.

Naona uvumi huumiza mara mbili. Humwonea asiye na hatia, tena huwapeleka watafutaji mahali pasipo mtu, na huku aliyepotea anazidi kupigwa na baridi.

Kwa hiyo, ndugu wanafunzi, mtu akipotea tuulize kwanza: Alionekana wapi mwisho, na saa ngapi? Hali ya hewa ilikuwaje? Nyayo zaelekea wapi? Nawaomba waalimu majina yaandikwe kabla ya kila safari na yaitwe tena kabla ya kurudi. Nanyi wazazi, mkisikia habari za kutisha kuhusu shule yetu, ulizeni kwanza nani aliyeona kwa macho yake.

Mwanafunzi, Kidato cha IV