Mgongo Usiishie Duka la Dawa

Vijana wa Mlalo, Lukozi, Soni na Bumbuli, nina ombi kwenu. Mgongo ukiuma, msiishie duka la dawa. Najua inavyokuwa: umepandisha viroba vya viazi kutoka bondeni hadi barabarani, jioni kiuno kimekaza, unapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa ni figo. Keshokutwa uko tena chini ya lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo.

Mara nyingi ni misuli tu, nayo hutulia ndani ya wiki chache. Kushinda kitandani hakusaidii. Ila kuna maumivu yanayokuja polepole kabla ya miaka 40, yanapita miezi 3, yanakuamsha usiku wa manane, na asubuhi unakaa zaidi ya nusu saa umekakamaa. Ukishika jembe, yanapungua! Maumivu ya mzigo hayana tabia hiyo. Huenda maungio ya uti wa mgongo yenyewe yana uvimbe, na yakiachwa miaka yanaweza kugandana. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda hutia shaka ya kifua kikuu cha mgongo, hata kama hukohoi. Dawa zake nchini ni bure. Na kama unakunywa maziwa mabichi, sema, maana brusela, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, nao huleta homa na maumivu ya kiuno.

Kwa hiyo ukifika zahanati usiseme "mgongo unauma" ukanyamaza. Eleza maumivu yalianzaje, huja saa ngapi, kazi huyazidisha au huyapoza, yanashuka hadi chini ya goti au la. Maelezo hayo mara nyingi humfaa daktari kuliko eksirei, ambayo mwanzoni huweza kuonekana safi kabisa. Miguu ikilegea, mkojo ukikwama au ganzi ikiingia kati ya mapaja, usingoje kuche. Nenda hospitali usiku huohuo.

Nanyi wanunuzi wa mboga, Wakala wa Vipimo wanapiga vita lumbesa kwa ajili ya mizani. Mimi nawaomba muiache kwa ajili ya migongo ya wanaoibeba.

Wazazi, kijana anayeamka amekakamaa msimwite mvivu. Mpeni nauli ya kwenda kupimwa wiki hii, karoti zitavunwa akirudi.