Usitupe Mbachao

Siku hizi kuna kauli inayowaridhisha wengi upesi mno: "Tumeshaziingiza kwenye kompyuta." Ukiisikia, ndugu msomaji, uliza mambo mawili. Zimeingizwaje? Na kanda zenyewe ziko wapi?

Nauliza kwa uchungu. Mwaka 1986, nikiwa mkufunzi wa ualimu wilayani Kilosa, niliwarekodi wazee wa milima ya Vidunda wakisimulia asili ya koo zao na majina ya vijito. Zilipatikana kaseti 11 za dakika 60. Miaka michache iliyopita nilizipeleka kwa kijana mmoja mwenye kibanda cha nyimbo pale Mikumi, kando ya barabara kuu. Nilimkabidhi saa sita mchana. Saa kumi na mbili jioni akanipa flashi.

Mtoto wa darasa la nne angeshtuka. Kaseti 11 za saa moja moja zataka saa 11. Kijana alizipiga kwa mwendo maradufu, akazipunguza kasi kwenye kompyuta, kisha akazibana ziwe MP3 ndogo kabisa. Wazee wangu walisikika kama watu waliofunikwa blanketi. Kesho yake nilipozifuata kaseti, saba zilikwisha kuchomwa na takataka. "Nilijua huzihitaji tena, babu," akasema.

Simlaumu peke yake. Sikumwambia azitunze, wala sikuuliza atafanyaje kazi yake. Nilikuwa mwalimu miaka yote hiyo, nikasahau kuuliza.

Zile nne zilizobaki nilizipeleka kwa fundi redio wa Kilosa. Kwanza alisafisha hedi kwa pamba na spiriti. Akaikaza na kuilegeza skrubu yake ndogo, akisikiliza, mpaka herufi s na f zikatoka wazi. Akachukua sauti kwenye tundu la kutolea, si la spika za masikioni, akaangalia isipande hadi kupasuka. Akarekodi kwa mwendo wa kawaida, biti 24 na kilohezi 96, bila kubana chochote. Mvumo wa kanda hakuufuta. Alisema hiyo ni kazi ya kufanyia nakala, si faili mama. Nikasikia jogoo akiwika nyuma ya mzee, na jina la kijito ambalo kwenye flashi lilikuwa mngurumo tu.

Watasema njia hiyo ni ya polepole na faili ni kubwa. Naam, saa moja hula kama gigabaiti 2. Lakini diski ya terabaiti 1 hubeba zaidi ya saa 400 za namna hiyo. Nafasi haikosekani. Kinachokosekana ni subira.

Na jambo hili si la sanduku langu tu. Kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam zimebeba sauti za Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, fahari za Morogoro. Salum alifariki mwaka 1965, Mbaraka mwaka 1979. Hakuna atakayewaita studio tena. Wazee wangu nao wamekwisha lala.

Basi hamisheni, tena upesi, kwani kanda zinachakaa na mashine za kuzipigia zinaadimika. Lakini hamisheni vizuri, na mkimaliza irudisheni kanda sandukuni. Wahenga walituonya: usitupe mbachao kwa msala upitao. Mimi nilikwisha tupa saba.