Kazi ya Mwaka Mzima

Mwenye kutaka kuhamishia ahali zake Ngara au Biharamulo twamsihi asiufuate uvumi wa kazi peke yake. Mwezi wa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco ikageuka mji wa mahema. Madereva, wauguzi, makarani na wachuuzi wakamiminika. Desemba 1996 wakimbizi wakarudishwa kwao, na kazi nyingi zikaondoka nao. Biharamulo nako mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza mwaka 2005. Mwaka 2013 kampuni iliyoufungua ikauacha.

Basi kabla ya kufunga mizigo, na aulize: wenyeji hula nini kahawa ikiisha kuvunwa? Ataona kwamba malori ya Rwanda na Burundi hupita Nyakanazi masika na kiangazi, na dereva hali kwa msimu. Mpishi na fundi wa magurudumu hawakosi riziki pale.

Kuwalisha ahali ni fardhi juu ya mume. Kwa hiyo atangulie yeye, akae mwaka mmoja, wala masurufu ya nyumbani yasikatike. Kisha awaite.