Reli Isiyopanda Ufipa

Mtoto wa Sumbawanga akiulizwa habari za reli, hujibu kwamba kwetu haikufika. Ni kweli, kwani juu ya uwanda wa Ufipa halikulazwa taruma hata moja. Hata hivyo, reli iliwafikia wazee wetu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ziwa. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na Wajerumani wakaitumia kusafirishia vipande vya meli tuijuayo leo kwa jina la Liemba. Meli hiyo ilizamishwa mwaka 1916, ikaopolewa, na mwaka 1927 ikarejea kazini. Ikawa ikitia nanga Kasanga, chini ya uwanda wetu, na abiria wake wakishuka Kigoma hupanda treni ya Tabora na Dar es Salaam. Ya pili ni tawi la Kaliua hadi Mpanda, lililojengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya madini ya risasi.

Chuma cha reli kitadumu, lakini hakisimulii. Wasimulizi ni wazee, nao wanatutoka mmoja mmoja. Kumbukumbu zao ni amana mikononi mwetu. Basi tunawanasihi wazazi: likizo hii, mkalisheni mtoto kwa babu au bibi yake, akiwa na daftari. Aulize alipanda stesheni gani, alibeba nini, na nani alimpokea. Tukichelewa, tutawazika wazee wetu pamoja na safari zao.