Kufika si Kurudi

Kila Desemba binamu yangu wa Kitale hunitumia video ileile: pikipiki inapasua theluji ya kufika kiunoni, inapinda kati ya misonobari, vumbi jeupe likitimka nyuma yake. "Hii si ni nduthi tu, buda? Hata mimi naweza." Humjibu kwamba ndiyo, anaweza. Na hapo ndipo shida ilipo.

Naishi Idaho, Marekani, na huku mashine hii tunaijua. Unachukua pikipiki ya mbio za matope, tuseme ya cc 450. Unang'oa gurudumu la mbele, unafunga ski moja pana. Unang'oa la nyuma, unafunga mkanda mrefu wa mpira wenye meno. Basi. Kampuni ya Timbersled ilikulia mji wa Sandpoint, Polaris ikainunua mwaka wa 2015, na 2017 mbio zake zikaingia X Games kule Aspen. Si mchezo wa pembeni tena.

Wauzaji wana wimbo mmoja: ukijua pikipiki, hii tayari unaijua. Ni kweli, nusu. Sledi ya injini ni pana na nzito. Kuikatisha ubavuni mwa mlima hujifunzi siku moja. Hii ni nyembamba, inapinda kwa kulala tu, inapita penye miti iliyobanana. Mgeni anafika asubuhi yake ya kwanza mahali ambapo wenzake walifika baada ya miaka ya kuanguka na kujifunza.

Lakini mlima haujali umefikaje. Miteremko mitamu, ya nyuzi 30 hadi 45, ndiyo hiyohiyo inayoporomoka. Theluji hulala kwa matabaka. Tabaka dhaifu likibebeshwa zito, pikipiki moja yatosha kulivunja. Mara nyingi anayeuawa ndiye aliyeyaanzisha maporomoko, yeye au mwenzake. Ukifukiwa, dakika 10 au 15 za kwanza ndizo zako. Helikopta haitawahi. Wa kukutoa ni mwenzako, mwenye redio ya kunasa mawimbi ya redio yako, fito ya kuchomea theluji na beleshi. Tena awe anajua kuvitumia.

Mimi nilinunua vifaa vyangu kwenye duka ambalo sitalitaja. Tuliongea saa nzima: rangi, urefu wa mkanda, mafuta. Maporomoko hayakutajwa hata mara moja. Wiki iliyofuata nilikwama kwenye korongo, mteremko mzima ukiwa juu ya kichwa changu. Nikasikia mguno mzito chini ya miguu, theluji ikadidimia kidogo, ikatulia. Nikacheka. Ni mwaka uliofuata, darasani, nilipoambiwa kwamba ule mguno ni tabaka dhaifu likivunjika, na kwamba mwenye akili angeondoka pale pale. Siku ile sikuwa na redio. Mwenzangu alikuwa nayo, imezimwa, ndani ya begi.

Najua nitajibiwa: watu wazima wana hiari yao. Sawa. Lakini mteremko ukikatika hauchagui. Unamwangukia hata aliye bondeni na ski zake za miguu. Na wanaopanda usiku kukuchimbua ni majirani, wengi wao wa kujitolea. Hiari gani hiyo inayolipiwa na wengine?

Sisemi ipigwe marufuku. Naipenda kuliko gari langu. Nasema asiuziwe mtu ski na mkanda bila redio, fito, beleshi, na mahali pa kujifunzia. Duka lisilofanya hivyo linakuuzia kwenda tu, kurudi utajijua.

Binamu, karibu. Nauli yako, pikipiki yangu. Ila siku ya kwanza hatuwashi injini. Nitaifukia redio kwenye theluji nyuma ya nyumba, nawe utaitafuta, tena na tena, mpaka uipate chini ya dakika tano.